Ritz ni ya Nani? Hoteli, Ukoo na Jina Lililogawanywa

Mwezi Agosti 2025 kambi ya kitalii yenye mahema 20 ya kifahari ilianza kupokea wageni kando ya Mto Sand, ndani ya Hifadhi ya Maasai Mara, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, ikiwa na jina la Ritz-Carlton. Mwezi huo huo kesi ilifikishwa mahakamani Narok kwa madai kwamba kambi hiyo imejengwa kwenye mapito ya nyumbu wanaovuka kati ya Serengeti na Mara, madai ambayo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) liliyakanusha baadaye. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali, na ulistahili kuwa mkali, kwa sababu malisho na mapito hayo ni uhai wa wanyama na wa wafugaji wanaoishi jirani nao. Hata hivyo, ndani ya ukali huo mlikuwa na mkanganyiko mkubwa: aliyelaumu na aliyetetea hawakuwa na uhakika kambi ni ya nani. Ni rahisi kudhani kwamba ukoo wa kitajiri wa Ulaya uitwao Ritz umekuja kujinunulia sehemu ya Mara, au kwamba hoteli ya Paris aliyotoka Binti Mfalme Diana usiku wa kifo chake, tarehe 31 Agosti 1997, imefungua tawi porini. Dhana zote mbili si za kweli, na ili kueleza kwa nini si za kweli hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100, hadi kwa mtoto wa mkulima mmoja wa Uswisi.

Kwanza tuweke wazi mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa kuwa moja. Kuna mwenye jengo, yaani mtu au kampuni iliyotoa fedha za ujenzi na inayomiliki au kukodi ardhi. Kuna mwendeshaji, yaani kampuni inayoajiri meneja, inayopanga bei na inayohakikisha kitanda kinatandikwa kwa namna fulani na si nyingine. Halafu kuna mwenye jina, yaani anayemiliki kisheria alama ya biashara iliyoandikwa langoni. Watatu hawa wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini katika hoteli kubwa za leo ni nadra kuwa hivyo. Anayepanda matatu jijini Nairobi anaufahamu mpango huu vizuri: gari ni mali ya bwana au bibi fulani ambaye pengine halipandi kamwe, ubavuni limeandikwa jina la Sacco, yaani chama cha ushirika cha wenye matatu, na anayelishika usukani ni dereva aliyeajiriwa. Likikupita kituoni, unalitaja kwa jina la Sacco, ingawa Sacco haikulinunua.

César Ritz alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald, kwenye milima ya jimbo la Valais, akiwa mtoto wa 13 katika familia ya wakulima. Alianza kazi za hotelini akiwa kijana mdogo, na inasimuliwa kwamba mwajiri wake wa mwanzo alimwambia hana kipaji cha kazi hiyo. Alikwenda Paris, akahudumu mezani, akasafisha, akabeba mizigo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, kisha akasimamia hoteli za Uswisi wakati wa kiangazi na za pwani ya kusini ya Ufaransa wakati wa baridi, akiwafuata matajiri walivyohama na majira. Huko ndiko alikokutana na mpishi Auguste Escoffier, na ushirikiano wao ukaibadilisha kazi ya hoteli kwa namna ambayo bado inaonekana: mmoja alipanga jikoni kama mtu apangavyo kikosi, kila mpishi na zamu yake na wajibu wake, na mwingine alipanga chumba, taa, maua, ukimya wa wahudumu na kumbukumbu ya kila mgeni anapenda nini.

Mwaka 1889 Richard D'Oyly Carte, aliyejenga hoteli ya Savoy jijini London, aliwapata wawili hao wamwendeshee hoteli yake. Tangu hapo tunaona mpaka kati ya mwenye jengo na mwendeshaji. Savoy ilikuwa ya D'Oyly Carte na wanahisa wenzake, lakini wageni walikuja kwa sababu ya Ritz. Mwaka 1898 uhusiano huo ulivunjika vibaya. Ritz na Escoffier walifukuzwa kazi kwa tuhuma zilizohusu upotevu wa mvinyo na faida walizopokea kutoka kwa wauzaji wa bidhaa. Ni doa katika sifa yao na halipaswi kufichwa. Lakini jambo lililofuata linaonyesha uzito wa jina: wateja wengi wakubwa wa Savoy hawakubaki Savoy, walimfuata Ritz.

Wakati huo tayari alikuwa na mpango wake. Miaka miwili kabla ya kufukuzwa alikuwa ameunda kampuni ya kuendeleza hoteli za jina lake, na miongoni mwa waliomwunga mkono kwa fedha alikuwa Alfred Beit, aliyetajirika kwa almasi na dhahabu za Afrika Kusini. Tarehe 1 Juni 1898 hoteli ya Ritz ilifunguliwa katika uwanja wa Place Vendôme, Paris. Ilikuwa miongoni mwa hoteli za kwanza Ulaya kuwapa wageni bafu ndani ya vyumba vyao pamoja na umeme na simu, mambo ambayo leo hata gesti ya kawaida mjini huyachukulia kuwa ya lazima. Ritz alichukia vumbi na magonjwa yanayokaa kwenye mapazia mazito. Alitaka kuta zinazosafishika, makabati yaliyojengwa ukutani na mwanga laini. Kwa maoni yangu huu ndio urithi wake wa kweli. Dhahabu na vioo vilikuwapo kabla yake, lakini wazo kwamba anasa ni usafi na utulivu kabla ya kuwa pambo lilipata nguvu kupitia yeye.

Hapa ndipo dhana ya kwanza inapoanguka, ile ya kwamba Ritz alikuwa tajiri aliyemiliki hoteli nyingi. Mtaji mkubwa ulikuwa wa wawekezaji. Yeye aliweka jina, ujuzi na mwili wake, na mwili ulimwangusha. Mwaka 1902 alikuwa London akiandaa karamu kubwa za kutawazwa kwa Mfalme Edward VII katika hoteli ya Carlton, aliyokuwa akiiendesha tangu 1899. Siku mbili kabla ya sherehe ikatangazwa kwamba mfalme anafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo na kwamba kila kitu kimeahirishwa. Ritz alizimia kwa mshtuko na uchovu, na akili yake haikupona tena kikamilifu. Alifariki mwaka 1918 baada ya miaka mingi ya ugonjwa, mbali na hoteli zilizoitwa kwa jina lake. Kwa hiyo hoteli ya Ritz ya London, iliyofunguliwa mwaka 1906, ilifunguliwa wakati mtu mwenye jina alikuwa tayari hawezi kuisimamia. Ni jambo la kusikitisha sana, na pia ni mwanzo wa hali tuliyonayo leo: jina lilikuwa limejifunza kutembea bila mwenyewe.

Tangu hapo jina halikwenda njia moja. Hoteli ya Paris ilibaki karibu na familia kwa muda mrefu zaidi kuliko nyingine. Mjane wake, Marie-Louise, aliisimamia kwa miongo kadhaa, ikiwamo miaka ya Vita Kuu ya Pili ambapo maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani waliifanya makao yao. Mtoto wao Charles, aliyezaliwa 1891 na ambaye wavuvi wa ndoano duniani wanamjua kuliko watu wa hoteli, aliiongoza hadi alipofariki mwaka 1976. Miaka mitatu baadaye ilinunuliwa na Mohamed Al-Fayed, mfanyabiashara mzaliwa wa Misri. Ndiyo maana Diana alikuwa pale usiku ule: alikuwa na Dodi, mwana wa mwenye hoteli. Hapakuwa na mtu wa ukoo wa Ritz katika umiliki wa jengo hilo wakati huo.

Ritz ya London ni kampuni tofauti kabisa yenye historia yake. Ilimilikiwa na ndugu wawili wa ukoo wa Barclay kuanzia 1995, na mwaka 2020 iliuzwa kwa mwekezaji kutoka Qatar. Ritz ya Madrid, iliyofunguliwa 1910 kwa msukumo wa Mfalme Alfonso XIII aliyeona aibu kwamba mji wake mkuu haukuwa na hoteli ya kuwalaza wageni wa kifalme waliokuja harusini kwake, leo inaitwa Mandarin Oriental Ritz, kwa kuwa mwendeshaji wake ni kampuni ya hoteli yenye asili ya Hong Kong. Ya Lisbon ina jina la Four Seasons limetangulia mbele ya Ritz. Mgeni anayelala katika hoteli hizi nne kwa zamu atakuwa amewalipa wenye mali wanne wasiohusiana, na kadi ya uaminifu ya hoteli moja haitamsaidia katika nyingine.

Vipi kuhusu Carlton? Wengi hudhani alikuwa mshirika wa Ritz, kwamba palikuwa na Bwana Ritz na Bwana Carlton waliounganisha fedha zao. Hapakuwa na Bwana Carlton. Carlton ni ile hoteli ya London iliyotajwa hapo juu, iliyokuwa pembeni mwa barabara za Haymarket na Pall Mall. Ilipigwa bomu mwaka 1940, ikabomolewa baadaye, na mahali pake sasa pamesimama jengo la New Zealand House. Jina lake liliokolewa na Wamarekani. Mfanyabiashara Albert Keller alipata haki ya kutumia majina hayo mawili kwa pamoja nchini Marekani, na Ritz-Carlton ya New York ikafunguliwa mwaka 1911. Hiyo nayo ilibomolewa mwaka 1951. Ile ya Boston, iliyofunguliwa 1927, ilidumu.

Boston inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha wazi kuliko mahali pengine popote jinsi jina linavyoweza kutoka ndani ya nyumba. Mwaka 1983 mfanyabiashara wa Atlanta, William B. Johnson, alinunua hoteli hiyo, na pamoja na jengo akanunua haki ya jina. Kwa kweli jina ndilo lililokuwa na thamani ya baadaye. Kwa kutumia haki hiyo akaanzisha kampuni mpya ya hoteli, na kampuni hiyo ndiyo Ritz-Carlton tunayoisikia leo. Ina umri wa miaka 40 na ushee, ingawa matangazo yake hupenda kurejea karne ya 19. Hoteli mama ya Boston baadaye iliuzwa, ikaitwa Taj Boston kuanzia 2007, na sasa inaitwa The Newbury Boston. Wakati huo huo jengo jingine jipya katika mji huo huo lilikuwa tayari linaitwa Ritz-Carlton tangu 2001. Jengo lililolea jina likaachwa bila jina, na jengo lisilo na historia likalirithi. Sheria haikuona tatizo lolote, kwa sababu machoni pa sheria jina ni mali inayouzwa, inayokodishwa na inayohamishwa kama mali nyingine.

Kampuni ya Marriott ilinunua karibu nusu ya hisa za Ritz-Carlton mwaka 1995, na mwaka 1998 ikachukua karibu zote. Marriott nayo ni jina la watu: J. Willard Marriott na mkewe Alice walianza mwaka 1927 na kibanda cha kuuzia vinywaji mjini Washington. Mwaka 1993 kampuni yao ilijigawa mara mbili kwa makusudi. Upande mmoja ulibaki na majengo pamoja na madeni yake. Upande wa pili, uitwao Marriott International, ulichukua kazi ya kuendesha na kusimamia majina. Tangu hapo Marriott tunayoijua inamiliki sehemu ndogo sana ya majengo yenye majina yake. Haikununua majengo kwa sababu jengo ni ghali, hushuka thamani na hufilisi wenyewe nyakati za vita au maradhi ya mlipuko, ilhali jina na ujuzi hulipwa ada katika majira yote.

Ada hizo huwekwa kwenye mkataba wa uendeshaji, ambao mara nyingi hudumu miaka 20 au zaidi. Mwenye jengo hutoa mtaji wote: ujenzi, samani, ukarabati, na mara nyingi hata mishahara hulipwa kutoka kwenye akaunti yake. Mwendeshaji hupokea asilimia chache ya mapato yote, iwe hoteli imepata faida au la, na juu yake hupokea sehemu ya faida ikipatikana. Mwenye jengo naye hupata mfumo wa kuweka nafasi unaofika duniani kote, viwango vilivyoandikwa, na zaidi ya yote jina linalomwezesha kutoza bei ambayo asingethubutu kuitoza kwa jina lake mwenyewe. Kuna pia mpango wa pili, ambapo mwenye jengo hulipia jina tu na kuendesha hoteli mwenyewe au kupitia mtu mwingine, lakini kwa hoteli za daraja la Ritz-Carlton wenye jina huwa hawapendi kuachia usukani kiasi hicho.

Sasa Mara inaeleweka vizuri zaidi. Katika kesi ya Narok wadaiwa hawakuwa mmoja, na aliyeiandaa alifanya sawa kuwataja wote: kampuni ya Kenya iitwayo Lazizi Mara Limited ndiyo yenye kambi, Marriott ndiyo inayoiendesha na kumiliki jina la Ritz-Carlton, na Serikali ya Kaunti ya Narok ndiyo inayosimamia hifadhi. Kila mmoja ana swali lake la kujibu. Swali la kama kambi ilistahili kujengwa pale kwenye ukingo wa mto linamhusu aliyetoa idhini ya ardhi, aliyepima athari kwa mazingira na aliyeamua kuwekeza. Swali la maji taka, ajira za wenyeji na mwenendo wa magari ya wageni linamhusu pia mwendeshaji, ambaye viwango vyake ndivyo vinavyotumika kila siku. Ninaona ni hatari jina kubwa la kigeni linapobeba lawama zote, kwa kuwa wakati watu wanalipigia kelele jina, wenye saini kwenye nyaraka za hapa nchini hupita pembeni bila kuulizwa. Hatari ya upande wa pili ipo pia: mwenye jina anaweza kujitetea kwamba jengo si lake, ilhali bila jina lake bei ya maelfu ya dola kwa usiku mmoja isingewezekana na pengine kambi isingejengwa.

Yapo maswali mengine madogo yanayoulizwa mara kwa mara. Biskuti za Ritz, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1934, ni za kampuni ya vyakula ya Nabisco na hazihusiani na hoteli yoyote. Ziliazima tu harufu ya utajiri iliyokuwa ndani ya jina wakati wa miaka ya shida. Na mtu aliyezaliwa na jina hilo hawezi kwa sababu hiyo pekee kufungua hoteli na kuiita Ritz palipo na mwenye alama hiyo ya biashara. Haki ya jina la kuzaliwa na haki ya jina la biashara ni haki mbili, na alama ya biashara husajiliwa nchi kwa nchi. Ndiyo maana jina moja linaweza kuwa na wenyewe tofauti London, Paris na Atlanta bila yeyote kuwa mwizi. London na Paris, ambako Ritz ina wenyewe tangu zamani, hakuna hoteli ya Ritz-Carlton hata moja.

Mkanganyiko wa namna hii hauko kwa Ritz peke yake, na Nairobi imewahi kuuishi. Conrad Hilton alinunua hoteli yake ya kwanza mwaka 1919 katika mji mdogo wa Cisco, Texas, na kizazi chake kimetoa watu maarufu, akiwamo kitukuu wake Paris Hilton, ambaye wengi hudhani ndiye mrithi wa hoteli zote zenye jina hilo. Kampuni ya Hilton iliuzwa kwa wawekezaji wa Blackstone mwaka 2007, na umaarufu wa Paris Hilton ni biashara yake binafsi. Hoteli ya Hilton ya Nairobi, ule mnara wa mviringo uliofunguliwa mwaka 1969 na kuwa alama ya katikati ya jiji, ilifungwa mwisho wa mwaka 2022. Habari zilipotoka, wengi walielewa kwamba Wamarekani wameuza jengo lao na kuondoka. Jengo halikuwa lao. Lilimilikiwa na kampuni ya Kenya ambayo serikali yenyewe ilikuwa na hisa karibu asilimia 40 ndani yake, na kampuni ya Hilton iliendelea kuonekana jijini humo kwa majina yake mengine, kwenye majengo ya watu wengine.